Bosi anataka wafuasi elfu 10 kwa mwezi mmoja, halipi, na simu ni yangu. Nianze au niache?

SWALI

Dada shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Morogoro ila kwa sasa naishi Mbagala kwa shangazi yangu. Nimemaliza diploma ya utunzaji wa kumbukumbu mwaka jana, tangu hapo nimetembeza CV mpaka nimechoka, kila ofisi wanakwambia tutakupigia na simu hailii. Shangazi ananilisha, mimi namsaidia kutengeneza sabuni za maji anazouza mtaani, ila naona kabisa nimeshakuwa mzigo kwake hata kama hasemi.

Sasa dada, mimi tangu niko chuo napenda mambo ya mitandao. Watu wakiwa na shughuli wananiomba niwatengenezee tangazo kwenye Canva, video nakata kwa CapCut kwenye simu yangu hii hii na wanasema nina jicho. Wiki iliyopita rafiki yangu anayeuza dukani Kariakoo akanipeleka kwa jirani yao, baba mmoja wa makamo anauza mapazia, ana maduka mawili, anatafuta mtu wa kumshikia peji ya Instagram na WhatsApp ya duka. Tumeongea kidogo tu akasema njoo Jumatatu uanze.

Masharti yake ndiyo yananichanganya. Mwezi wa kwanza ni majaribio, hakuna malipo hata nauli. Simu yangu, bando langu. Nimfikishie wafuasi elfu 10 ndani ya huo mwezi, saa hizi ana 900 na kitu, nikifikisha ndio tutaongea mshahara. Picha kasema nichukue tu kwenye peji za Waturuki maana mapazia ni yale yale. Nifungue na akaunti kadhaa za uongo niwe nakomenti kama mteja aliyefurahi ili peji ichangamke. Halafu wateja wa mikoani watume hela kwenye namba yangu, jioni nimkabidhi mkononi.

Shangazi anasema hiyo siyo kazi, ni kuchezea simu, bora nitulie na sabuni. Na kuna kaka mmoja huko mtandaoni anauza kozi ya kusimamia mitandao kwa 150,000, anasema ukimaliza ajira ni uhakika, nilikuwa nafikiria nimkope mama.

Dada naomba unisaidie, niende Jumatatu? Nilipie kozi? Na mtu kama mimi ambaye nimesoma mafaili tu, hii kazi ya mitandao nitaiweza kweli? Maana diploma yangu haina uhusiano kabisa na hivi vitu.

Mdogo wako, Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuzunguka. Barua yako nimeirudia, maana ndani yake kuna mchongo wa kweli na kuna mtego, na vyote viko kwenye duka moja. Naanza na hilo la hela kwa sababu mengine yote mnaweza kurekebishana mbele ya safari lakini hilo likiharibika limeharibika.

Usipokee hela ya mteja hata mmoja kwenye namba yako. Fikiria mama yuko Songea, kaona pazia, kapenda, anatuma laki mbili na jina linalotokea kwenye simu yake ni la kwako. Mzigo ukichelewa, au bosi akituma rangi siyo, au akaamua tu kutotuma, yule mama hamjui bosi, anakujua wewe. Jina lako ndilo litazungushwa kwenye magrupu kwamba huyu ni tapeli, na akienda polisi ushahidi alionao ni meseji ya muamala yenye jina lako. Na upande wa pili, siku hesabu ya jioni ikipungua elfu 30 wewe ndiye utakayeulizwa. Bosi wako mwambie kwa heshima kabisa achukue Lipa Namba ya duka, ipo kwa M-Pesa, kwa Airtel Money, kwa Mixx by Yas, na mteja akilipa anaona jina la biashara, hilo peke yake linamuondolea hofu. Mfanyabiashara mwenye maduka mawili kukosa Lipa Namba ni jambo la kushughulikia wiki hii hii, wala siyo la kumtwisha binti wa miaka 23 anayeanza kazi.

Akikataa hilo, usiende Jumatatu. Yaani hapo sina kona kona.

Sasa hayo ya picha za Waturuki na akaunti za uongo. Najua utasema dada mbona kila mtu anafanya. Wanafanya, na ndiyo maana wateja wa Tanzania wameshakuwa wagumu, mtu kabla hajanunua anakuuliza duka liko mtaa gani, nitumie video ukiwa dukani, nina ndugu yangu hapo mjini apite aangalie. Wameliwa sana. Ukiweka picha ya sebule ya Istanbul yenye pazia linalong'aa halafu mtu wa Kahama akafungua bahasha akakuta kitambaa kingine, umeuza mara moja na umepoteza ukoo mzima. Halafu sheria nazo zipo, picha ya mtu ina hakimiliki hata kama imekaa wazi Instagram, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza biashara kumdanganya mlaji, na hizo komenti za kujitungia ndiyo udanganyifu wenyewe. Utakuwa umeziandika wewe kwa mkono wako, kwenye simu yako.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba huyo baba anahangaika na picha za watu wakati yeye ana mali dukani. Ingia pale asubuhi kabla wateja hawajajaa, omba pazia moja lining'inizwe karibu na mlango kwenye mwanga wa jua, futa kioo cha kamera yako, simamisha simu wima, halafu mwambie kijana wa duka alivute taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine wewe unarekodi. Kitambaa kinavyodondoka, kinavyopitisha mwanga au kisivyopitisha, mteja anaona mwenyewe. Kisha shika kitambaa kwa mkono ukikunje, uzito wake uonekane. Sekunde 15 zinatosha. Usiweke filta ya kubadilisha rangi hata iwe nzuri namna gani, maana maruni ikigeuka nyekundu kwenye video itarudi kwa basi na ugomvi juu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana naona wewe na bosi wote mnadhani kazi ni kuposti. Kuposti ni kipande kidogo. Mtu anayeitwa msaidizi wa mitandao siku yake kubwa inaishia kwenye DM na kwenye WhatsApp anajibu watu, na hapo ndipo hela inapopatikana au inapopotea. Angalia peji nyingi za biashara hapa kwetu, mtu anakomenti "bei?" anajibiwa "njoo DM". Anaenda DM anakaa saa tano hajajibiwa, anajibiwa "elfu 12 kwa mita", mwisho. Mteja hajui mita ngapi zinamtosha, anaona aibu kuuliza, anaondoka. Bosi analaumu Instagram.

Wewe jibu hivi, mfano tu, bei utapewa na duka: "Habari dada, karibu sana. Hilo la kijivu zito ni elfu 12 kwa mita. Dirisha lako lina upana wa futi ngapi nikupigie hesabu?" Akisema futi 6, wewe unajua futi 6 ni kama mita 1.8, pazia linataka mikunjo kwa hiyo unazidisha mara mbili, unapata mita 3.6, na vitambaa vingi vya pazia vina kimo cha mita 2.8 kwa hiyo cha kuhesabu ni upana tu, basi unamwambia mita 4 zitakutosha vizuri, jumla 48,000, kushona ni kiasi fulani, ukitaka na shiya, lile pazia jepesi la ndani, inaongezeka kiasi fulani, na kama uko mkoani tunasafirisha kwa basi tunakutumia picha ya risiti ya mzigo. Hapo mteja hana cha kuuliza tena, amebaki kuamua. Na bei iandike wazi kwenye kapsheni, mambo ya kuficha bei yanachosha watu.

Ili uweze kujibu namna hiyo lazima ulijue duka. Siku zako za kwanza usikimbilie Canva. Kaa na muuzaji mzoefu wa pale, jifunze kitambaa kipi kinapauka kwa jua, kipi kinafuliwa kwa mkono, pete zinawekwaje na kamba zinawekwaje, wateja wa dukani wanauliza nini kila siku. Yale maswali yaandike, kila swali moja ni posti moja. "Dirisha la futi 5 linahitaji mita ngapi" ni posti ambayo mtu ataihifadhi na kumtumia mwenzake anayejenga, na Instagram ikiona watu wanahifadhi na kutumiana inaipeleka mbali kuliko picha kumi za mapambo.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kuhusu diploma yako. Umesema haina uhusiano. Mdogo wangu, hiyo ndiyo silaha uliyonayo na wenzako wengi wanaojiita wataalamu wa mitandao hawana. Watu wa kukata video wamejaa, mtu wa kukumbuka kwamba yule mama wa Songea aliulizia pazia la chumba cha watoto wiki mbili zilizopita na akasema atalipia mwisho wa mwezi, huyo ni adimu. WhatsApp Business ni ya bure na ina lebo, unamwekea kila mteja, huyu mpya, huyu anasubiri kulipa, huyu kalipa, huyu kashapokea. Ina katalogi inayobeba bidhaa mpaka 500 na picha na bei zake. Ina majibu ya haraka, unayaandika mara moja, kesho unabonyeza alama ya mkwaju (/) na neno fupi linakuja jibu zima la namna ya kupima dirisha. Hiyo ni masijala kabisa, umeisomea, tofauti ni kwamba faili liko kwenye simu. Ongeza daftari au jedwali la Google lenye tarehe, jina, alichotaka, mkoa, amelipa au bado, kampuni ya basi, namba ya risiti ya mzigo. Kila Jumamosi unampa bosi ukurasa mmoja: wiki hii walioulizia ni wangapi, walionunua wangapi, walioshindwa walishindwa kwa sababu gani. Hajawahi kupewa kitu kama hicho na mtu yeyote, nakuhakikishia ataanza kukuita kwenye maamuzi.

Ila kwenye kutunza taarifa za watu kuwa makini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 2023, kwa hiyo ile tabia ya kuposti skrinishoti za wateja wakishukuru huku namba ya simu inaonekana na jina la mtaa anaoishi linaonekana, iache. Muombe ruhusa, funika namba na picha yake ya profaili, ndipo uposti. Shuhuda moja ya kweli ya mtu aliyekubali, na picha ya dirisha lake mwenyewe hata kama ukuta haujapakwa rangi, inauza kuliko hizo komenti za kutunga.

Wafuasi elfu 10 kwa mwezi kutoka 900, bila bajeti ya matangazo, hapana. Usimuahidi. Njia pekee ya kufika huko kwa haraka ni kununua wafuasi hewa au kutafuta kiki, na wafuasi hewa hawana madirisha. Instagram inawafagia hao, ilishafanya hivyo wazi kabisa Desemba 2014 watu maarufu wakapoteza wafuasi kwa maelfu kwa usiku mmoja, na haijaacha. Mpe bosi malengo ambayo yako mikononi mwako, kwamba kila meseji ya mchana itajibiwa ndani ya saa moja, posti nne za mali ya dukani kila wiki, stori kila siku, katalogi yote iwe na bei kabla mwezi haujaisha, na ripoti ya kila Jumamosi. Wafuasi watakuja kwa mwendo wao. Na mkumbushe kalenda, anaijua kuliko wewe lakini hajaiunganisha na simu: watu wanabadilisha mapazia kabla ya Idi na kabla ya Krismasi, kwa hiyo video za Idi zinatakiwa ziwe zimeshapigwa kabla Ramadhani haijaingia, kumi la mwisho fundi wa kushona hana nafasi tena na mteja wa mkoani hatapata mzigo kwa wakati.

Majaribio ya mwezi mzima bila hata nauli, hapo pia mzungumze. Majaribio siyo kitu kibaya na mtu anayeanza anaweza kukubali kipato kidogo ili ajifunze na apate kitu cha kuonyesha, ila wewe kutoka Mbagala kwenda na kurudi, kula, na kuweka bando la kupandisha video, utakuwa unamlipa yeye ili umfanyie kazi. Na ukishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, kazi yako ni ipi, saa zako, malipo yako. Hiyo hiyo inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Nakutajia hilo kwa sababu hii kazi haina mlango wa kufunga, meseji ya saa sita usiku itaingia na bosi ataiona na atakuuliza mbona hujajibu. Mkubaliane mapema duka la mtandaoni linafungwa saa ngapi, halafu weka ujumbe wa kujijibu wenyewe, "tumepokea ujumbe wako, tutakujibu kesho saa 2 asubuhi", nao upo kwenye WhatsApp Business, na simu uiweke pembeni ulale.

Usiende kumwambia haya yote kwa mdomo ukiwa umesimama katikati ya wateja, utababaika na yeye atakuona mjuaji. Mtumie ujumbe leo, uwe mfupi na wa heshima. Unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa kuniamini na duka. Nimefikiria namna nitakavyofanya kazi vizuri, naomba tukubaliane haya kabla ya Jumatatu. Majaribio yawe wiki mbili, naomba nauli na bando kwa siku hizo, baada ya hapo tuongee mshahara kulingana na kazi utakayoiona. Picha na video nitapiga za mali yetu wenyewe dukani ili wateja wa mikoani wapate walichokiona. Malipo ya wateja yaingie Lipa Namba ya duka moja kwa moja, mimi nitakuwa nakutumia orodha ya waliolipa kila jioni. Komenti za kutengeneza naomba tusiweke, nitatafuta wateja wa kweli watuambie maoni yao. Nitakuletea mpango wa wiki mbili kwa maandishi."

Anza na shikamoo na hakikisha kila ombi lina faida yake yeye ndani. Wafanyabiashara wa Kariakoo wengi ni watu wa kuelewana ukiwaonyesha hesabu, hajakutega kwa ubaya pengine, ndivyo alivyoona majirani wanafanya. Kama hapendi meseji ndefu basi omba dakika tano asubuhi kabla duka halijachangamka, na mkikubaliana mtumie muhtasari kwenye WhatsApp hiyo hiyo, "mzee kama tulivyoongea leo ni hivi na hivi", akijibu sawa umepata maandishi ya kuanzia wakati mnasubiri mkataba.

Kuhusu simu. Ukitumia yako kwa kuanzia siyo dhambi, lakini namba ya duka iwe laini ya bosi, iliyosajiliwa kwa jina lake au la kampuni, na akaunti za Instagram na Facebook ziwe zimefunguliwa kwa barua pepe ya duka. Usikubali akaunti ya biashara ya mtu iishi kwenye namba yako, siku mkiachana mtagombana kama watu wanaogawana nyumba. WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa vingine mpaka 4 kwenye namba moja, kwa hiyo simu kubwa, yaani yenye hiyo laini, inakaa kwake dukani na wewe unafanyia kazi kwenye kompyuta au kifaa kingine, ila ile simu kubwa isikae zaidi ya wiki mbili bila kuwashwa mtandaoni maana vifaa vingine vitajitoa. Kwa Instagram na Facebook kuna Meta Business Suite, ya Meta wenye mitandao hiyo, ni ya bure, bosi anakuongeza kama mtu wa kazi na kukupa ruhusa za kuposti na kujibu meseji bila hata kukupa paswedi ya peji. Humo humo unapanga posti za wiki nzima zijipandishe zenyewe, na uthibitisho wa hatua mbili uuwashe siku ya kwanza kabisa, namba za uthibitisho ziende kwake. Peji za Kariakoo zinaibwa kila kukicha na anayeulizwa wa kwanza huwa ni yule binti aliyekuwa anaishika.

Hiyo kozi ya 150,000 usimkope mama. Sijui ubora wa huyo kaka na sitamsema vibaya, ila hakuna kozi inayotoa ajira ya uhakika, anayeahidi hivyo anakuuzia ajira ambayo haiko mkononi mwake. Za bure zipo na zinatosha kwa miezi yako ya mwanzo. Meta wenyewe wana Blueprint, HubSpot Academy wana kozi ya mitandao ya kijamii na cheti wanakupa, Google nao wana mafunzo ya misingi ya masoko ya kidijitali. Nyingi ni kwa Kiingereza, chukua polepole na kamusi, ukimaliza moja weka kwenye CV. Ile 150,000 siku ukiipata nunua stendi ya simu na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, sauti ya Kariakoo bila kipaza sauti haisikiki mtu anachoongea.

Na shangazi. Shangazi usimbishie kwa maneno, mfanyie kazi. Una siku kadhaa hapo kabla ya Jumatatu, chukua sabuni zake hizo hizo. Mpige picha mikono yake ikikoroga sabuni kwenye ndoo, siyo lazima sura kama hataki, andika bei ya lita moja na ya lita tano, sema mnapeleka mpaka mlangoni kwa wa mtaani, weka kwenye status yako ya WhatsApp kila siku, na yeye aweke kwenye yake, majirani na watu wa kikoba chake wote wamo humo. Andika kwenye daftari nani kauliza na nani kanunua. Ikitokea ndoo moja tu imeuzika kwa njia hiyo basi una mambo mawili kwa mpigo, shangazi kaelewa unachokifanya, na una kitu cha kumwonyesha bosi yeyote, posti, meseji ulivyojibu, na mauzo yaliyotoka. Hiyo ndiyo wanaita potfolio, wala haihitaji tovuti, ni faili moja la PDF lenye kurasa nne tano kwenye simu yako.

Kuna mawili ya haraka. Utatukanwa kwenye komenti na kuna wanaume watakaoingia DM ya duka kukutongoza kwa maneno machafu wakijua anayejibu ni binti. Wa kutongoza usimjibu hata kwa hasira, zuia endelea, na bosi ajue. Ila anayelalamika kwamba mzigo haujafika usimfute hata kama anatukana. Mjibu pale pale hadharani, "pole sana kaka, tunafuatilia mzigo wako, tumekuandikia DM", mfuatilie kweli, ukifika rudi uandike chini yake umefika. Wanaosoma kimya kimya bila kukomenti ndio wengi, na wanaangalia hapo.

Sasa kama bosi akikataa yote, nimeshasema la hela ndilo la kukufanya usiende. Akikubali la hela na la picha lakini akang'ang'ania majaribio bila mshahara, ningekuwa wewe ningekubali wiki mbili kwa nauli na bando, siyo mwezi, na siku ya 14 ningekaa naye na lile daftari. Akikataa hata nauli muage vizuri, usimseme mtaani, kisha shuka na hiyo PDF ya sabuni kwenye maduka ya vyombo, saluni, wauza vifaa vya ujenzi, shule binafsi za huko huko Mbagala ambazo zina peji zilizolala tangu mwaka juzi. Kabla hujaongea na mwenye duka tuma swali kwenye peji yake kama mteja uone linajibiwa baada ya muda gani. Ukikuta saa tano, au halijajibiwa kabisa, unaingia dukani na simu mkononi, unamwonyesha meseji yako iliyokosa jibu, unamwambia naomba kazi ya kujibu hizi.